Mita Thelathini

Kazini wananiita Mama Sentimita. Si jina la sifa, ingawa mwanzoni nililichukulia hivyo. Nililipata mwaka nilipomlazimisha mjenzi mmoja abomoe uzio aliokwisha kuupaka rangi, kwa sababu ulikuwa umeingia kwa jirani upana wa kiganja. Alinibembeleza, akaapa kwa kila kitu, mwishowe akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nikamwambia mpaka ni mpaka, nikafunga daftari langu nikaondoka. Nimekuwa mpima ardhi miaka kumi na tisa, na sijawahi kumpa mtu hata unene wa kidole usio haki yake. Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyefanya nililolifanya.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Baba yake ni kinyozi, na hajawahi kukimbia isipokuwa siku moja alipofukuzwa na nyuki. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina la Kijiti, kwa jinsi alivyo mrefu na mwembamba, na sasa hata walimu wanamwita hivyo. Mimi na Kijiti tulianza kukimbia pamoja alipokuwa na miaka kumi na miwili. Nilianza mimi, baada ya daktari kunitisha kuhusu shinikizo la damu, na yeye akanifuata siku moja kwa udadisi tu, akiwa na viatu vya shule. Baba yake alikuwa akituona tunafunga kamba za raba alfajiri, anatuuliza ni nani anayetufukuza, kisha anajifunika shuka tena.

Kusema kweli, mimi sikuwa nikikimbilia mbio. Nyumbani Kijiti hasemi. Ukimuuliza habari za shule anakujibu "nzuri", ukimuuliza anataka kula nini anakujibu "chochote", kisha mlango wa chumba chake unafungwa. Lakini barabarani, tukishafika kilomita ya tatu, mdomo wake ulikuwa unafunguka wenyewe. Huko nilisikia habari za rafiki aliyemsengenya, za mwalimu wa hesabu anayenuka vitunguu, na za kijana fulani aliyemwandikia barua ya mapenzi akaisahau ndani ya daftari la mwalimu. Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinaniuma na pumzi inanikatika. Mzazi yeyote mwenye kijana wa rika lile anajua saa moja kama hiyo ina thamani gani. Afadhali ningepoteza kucha zote za miguu kuliko kuipoteza.

Njia yetu ilikuwa ya kilomita kumi. Tunatoka kwenye geti letu, tunapita kiwanda cha matofali, tunafuata barabara hadi karibu na tangi la maji, tunageuka pale na kurudi. Niliipima mwenyewe kwa gurudumu la ofisini, lile linalosukumwa kwa mpini na kuhesabu mita kadiri linavyozunguka, na kila kilomita nikaichorea mstari mweupe pembeni mwa lami.

Alipofika miaka kumi na minne, Kijiti alitaka kumaliza njia ile chini ya dakika hamsini. Alihangaika miezi mitano. Hamsini na moja, hamsini na nusu, hamsini na moja tena. Asubuhi moja alifika getini, akaangalia saa yake, akakaa chini ukingoni mwa barabara na kuanza kuvua raba. Aliniambia yeye si mtu wa mbio, amechoka kujidanganya, na kuanzia kesho niende peke yangu. Maneno mengine yote yalinipita. Niliyoyasikia ni hayo mawili tu, peke yangu.

Wiki ileile barabara iliwekwa lami mpya na alama zangu zikafunikwa. Jumapili nikachukua gurudumu na kopo la rangi, nikaenda kuzichora upya. Nilipima sawasawa, naapa. Nilipofika mita elfu moja nikaweka alama ya chaki mahali pake. Kisha nikasimama pale na brashi mkononi, nikamfikiria mtoto aliyekaa ukingoni mwa barabara akivua raba, na nikarudi nyuma mita thelathini. Rangi nikaipaka huko. Kutoka kwenye rangi ile nikaanza kupima kilomita iliyofuata, nayo nikaipunguza vilevile, moja baada ya nyingine, hadi alama ya kugeukia karibu na tangi. Mita ishirini zisingetosha kumvusha chini ya hamsini kwa hakika, na arobaini angezishtukia. Hata uongo wangu niliupima mara mbili.

Jumanne nilimbembeleza atoke nami kwa mara ya mwisho tu. Alimaliza kwa dakika arobaini na tisa na sekunde ishirini. Aliitazama saa, akanitazama mimi, akaitazama saa tena, halafu akanirukia shingoni na jasho lake lote. Alikimbilia kwa baba yake kabla hata hajaoga, akamwambia habari hiyo mbele ya mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Nami nilisimama mlangoni mwa duka lake la kunyolea nikicheka na kujifuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitesa hadi leo.

Kuanzia siku ile hakuna aliyehitaji kumwamsha. Alikimbia mvuani, alikimbia na mafua, na muda wake ukashuka kweli, kwa miguu yake mwenyewe. Nilijiambia akishapata nguvu za kutosha nitazirudisha alama mahali pake bila kelele. Niliahirisha wiki hadi wiki, kama mtu anayeahirisha kung'oa jino. Shuleni kwao hakuna uwanja wa maana, wanazunguka kiwanja cha mpira na mwalimu anakadiria umbali kwa macho, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniumbua.

Isipokuwa mara moja. Mwaka jana alikimbia na simu mfukoni, yenye ile programu ya kupima mwendo. Tulipofika getini alinionyesha. Simu ilisema kilomita tisa nukta saba. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi pale. Ningeweza kucheka na kumwambia, mwanangu, nilikuonea huruma ukiwa mdogo, sasa tukachore upya. Pengine naye angecheka. Badala yake nilitoa ile sauti ninayowatolea wateja wabishi. Nilimweleza kwamba simu inakisia, inapotea chini ya miti na kando ya majengo, lakini gurudumu linagusa ardhi yenyewe.

"Watu watakudanganya na simu itakudanganya," nikamwambia. "Amini namba iliyopimwa, usimwamini mtu."

Aliitikia kwa kichwa. Mama yake ni Mama Sentimita, angebisha vipi? Ule uongo wa kwanza unaweza kuuita huruma ukitaka. Huu wa pili haukuwa na huruma hata chembe. Nilikuwa nalinda jina langu.

Kisha likaja tangazo la shule ya wanariadha, shule ya bweni yenye uwanja wake na makocha wake, inayochukua wasichana sita kwa mwaka. Mtihani wake ni mmoja: kilomita kumi uwanjani, mizunguko ishirini na mitano, chini ya dakika arobaini na tatu. Mwisho wa umri ni miaka kumi na sita. Kwa Kijiti ilikuwa ni mwaka huo au basi.

Wakati huo alikuwa akimaliza njia yetu kwa dakika arobaini na moja na sekunde arobaini. Alikuwa na hakika ya kupita, na alitembea nyumbani akiimba. Mimi nilijifungia chooni na kipande cha karatasi nikapiga hesabu. Kwa kilomita kumi za kweli, muda ule ulikuwa dakika arobaini na mbili na sekunde hamsini na saba. Alikuwa anapita kwa sekunde tatu. Nilihesabu mara nne, jibu likabaki lilelile. Nikajipa moyo kwamba akiwa na wenzake wa kumvuta atapata nyingine chache, atapita, ataenda zake, na siri hii nitakufa nayo.

Jioni ya kuamkia siku ya mtihani tulipanga mwendo mezani. Yeye alisema atakimbia kila mzunguko kwa sekunde mia moja, kama alivyozoea. Mimi nikasema kwa nini asianze na mia na tatu, au mia na mbili, inatosha kabisa. Alinishangaa. Aliuliza kwa nini akimbie polepole kuliko mazoezi yake mwenyewe, siku ambayo ni ya maana kuliko zote. Baba yake alimuunga mkono, akasema mama yako ameanza woga wa uzee. Nilifungua mdomo. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Kisha nikainuka kuondoa vyombo, na wote wawili wakadhani nimekasirika kwa utani.

Siku ya mtihani walikuwa wasichana ishirini na wawili. Nilisimama kwenye uzio wa waya, karibu na mstari wa kumalizia, na baba yake alibaki dukani akiwa amekula kiapo kwamba hawezi kutazama. Filimbi ikalia.

Mzunguko wa kwanza, sekunde mia na mbili. Alipita mbele yangu akiwa wa tano, mabega yametulia, uso mkavu, akaitupia saa jicho. Wa pili, mia na mbili. Wa tatu, mia na mbili. Nilitaka kupiga kelele za furaha, kwa sababu kwa mwendo ule angemaliza kwa dakika arobaini na mbili na nusu. Alikuwa anapita. Sijawahi kumwona anakimbia vizuri vile, na nimemwona anakimbia maelfu ya kilomita.

Lakini yeye hakuwa akiona nilichokiona mimi. Yeye aliona namba. Alitaka mia na saa inamwambia mia na mbili, kila mara mia na mbili, na nguvu anazotumia ni zilezile za barabarani na zaidi. Kwenye mzunguko wa nne uso wake ulibadilika. Kwenye wa tano aligusa ubavu wake kana kwamba anatafuta ugonjwa. Nilijua anawaza nini: nimelala vibaya, nimekula vibaya, miguu imekufa leo, leo ya siku zote. Kwenye wa sita alinitafuta kwa macho, na niliona hofu ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

"Usiongeze!" nikampigia kelele. "Uko sawa, kaa hapohapo!"

Alinitazama. Akaitazama saa yake. Kisha akatikisa kichwa, akakaza meno na kuongeza mwendo. Kati ya mama na namba, alichagua namba, kama nilivyomfundisha.

Mizunguko sita iliyofuata aliikimbia kwa sekunde tisini na saba. Aliwapita watatu, na mzazi aliyekuwa kando yangu akanipongeza. Nilikuwa nimeshika waya wa uzio hadi ukaniachia alama viganjani. Kwenye mzunguko wa kumi na tatu mabega yake yalipanda juu. Kwenye wa kumi na nne alianza kujivuta kwa mikono, miguu haimsukumi tena. Kwenye wa kumi na tano nguvu zilimwisha, na mizunguko kumi iliyobaki alijikaza tu kisabuni huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Hakuacha. Ningekuwa mimi ningeacha. Alimaliza kwa dakika arobaini na nne na sekunde mbili.

Nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wasichana wengine wakiwa wameshaondoka. Palikuwa na benchi la mbao, bomba linalovuja, na harufu kali ya dawa ya kuchua misuli. Alikuwa amekaa na miguu imenyooka mbele yake, hajavua hata raba. Nilikaa kando yake. Hakulia. Alinishika mkono.

"Nisamehe, mama," alisema. "Umeamka alfajiri miaka yote hii kwa ajili yangu, na mimi nimekuangusha."

Ningeweza kulipokea ombi lile la msamaha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: si kitu mwanangu, ni siku tu, hutokea. Angelala na kuamka akijichukia kidogo, na mimi ningebaki mama mwema aliyemtia moyo.

"Alama za barabarani si za kweli," nikasema. "Kila kilomita niliipunguza mita thelathini."

Alidhani namfariji. Ilibidi nimweleze polepole, kama ninavyomweleza mteja aliyeuziwa kiwanja kidogo kuliko alichoambiwa: lini, kwa nini, jumla yake ni mita ngapi. Alifumba macho na kupiga hesabu kichwani. Ana kichwa chepesi cha hesabu, amekirithi kwangu.

"Kwa hiyo ile mia na mbili..."

"Ilikuwa inatosha. Ungemaliza na nusu dakika mkononi."

"Na simu?"

"Simu ilisema kweli."

Aliuachia mkono wangu. Hakuusukuma, aliuweka tu juu ya benchi kama kitu cha mtu mwingine. Nikaanza kujieleza. Nilimwambia kuhusu siku ile alipoketi ukingoni mwa barabara, kuhusu kilomita ya tatu na mazungumzo yetu, jinsi nilivyoogopa kubaki peke yangu. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilinuka ubinafsi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kama ningepita leo," aliuliza, "ungeniambia lini?"

Nilitafuta jibu la kumpendeza na nikapata matatu. Yote yalikuwa mazuri.

"Nisingekuambia," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akachukua mkoba wake.

Kocha wa shule ile, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuwa akikusanya karatasi zake mezani. Nilisimama mbele yake nikamwambia kila kitu, sikujali nani anasikia. Alinisikiliza kwa upole kuliko nilivyostahili. Alisema anasikitika, lakini hawezi kuandika muda ambao mtoto hakuukimbia, na mimi mwenyewe katika maisha yangu nimewaambia watu wengi maneno ya namna hiyo. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa la kunifariji: mizunguko sita ya kwanza ya binti yangu aliipenda kuliko ya msichana yeyote pale, na alijiuliza ni kitu gani kilimtoa kwenye mwendo ule.

Tulirudi kwa miguu. Kijiti alitangulia, akichechemea kidogo, nami nikafuata nyuma. Nilitamani anitukane. Nilitamani ageuke katikati ya barabara aniaibishe mbele ya watu, ningeshukuru. Kwenye kona moja alisimama kunisubiri nivuke, kwa sababu magari yalikuwa mengi, na tulipovuka akatangulia tena.

Baba yake alikuwa amefunga duka mapema. Alitufungulia mlango kabla hatujabisha, kitana kikiwa bado mfukoni mwa shati, na macho yake yakatoka kwa mtoto yakaja kwangu yakarudi kwa mtoto. Aliuliza imekuwaje. Niliona ni haki ya Kijiti kusema, na nilikuwa tayari kwa lolote atakalolisema.

"Mguu ulinikaza, baba," alisema. "Msuli wa nyuma. Basi tu, haikuwa bahati yangu."

Baba yake alimkumbatia, akampa pole, akaanza kueleza habari za mafuta fulani ya kuchua anayouza mwenzake wa duka la jirani. Kijiti alikuwa ameegemeza kidevu begani kwake, na hakunitazama. Hakuna ambaye angeshuku. Aliutoa uongo ule kwa sauti tulivu, mfupi, unaoaminika, uliopunguzwa mahali pale tu ambapo ukweli ungemuumiza mtu. Aliutoa kwa kunipenda. Hakuna aliyemfundisha hilo isipokuwa mimi, na alikuwa amejifunza vizuri.

"Mguu haukumkaza," nikasema.

Baba yake alicheka kidogo, akidhani ni ukali wangu wa kawaida wa kutokubali visingizio. Kijiti aliinua uso kutoka begani kwake. Macho yake yaliniambia niache, imeshapita, haina haja.

"Kaa chini," nikamwambia mume wangu. "Na wewe mwanangu kaa, nikikosea unisahihishe."

Wakakaa. Nikaanza na ile Jumapili ya lami mpya, na sikupunguza kitu.